Mwashi: Asili ya Neno na Mabadiliko ya Maana Yake

Katika orodha za msamiati wa kazi ambazo wanafunzi wa shule za msingi nchini Kenya hukariri, neno mwashi huwekwa pamoja na mhunzi, sonara, seremala na dobi. Maelezo yake ni mafupi: mwashi ni fundi ajengaye kwa mawe. Mwanafunzi akiulizwa mpishi hufanya nini, atajibu mara moja kwamba hupika. Mwandishi huandika, mtumishi hutumika. Akiulizwa mwashi hufanya nini, atajibu kwamba hujenga. Jibu hilo ni sahihi kwa maana lakini si kwa umbo, kwani hakuna njia yoyote ya kisarufi iwezayo kumtoa mwashi katika jenga. Kitenzi kilichomzaa kimetoweka masikioni mwa wasemaji wengi wa Kiswahili, naye amebaki kama mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kujua jina lake.

Makala haya yanakusudia kumtafuta mama huyo, na kuonyesha kwamba utafutaji wenyewe si mchezo wa wanakamusi. Majengo ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa, yamekuwa uwanja wa mabishano kwa zaidi ya karne nzima. Swali lililobishaniwa ni moja: nani aliyeyajenga? Kwa muda mrefu jibu lililotolewa na wageni lilikuwa kwamba Mwafrika alijenga kwa miti na udongo, na kwamba jiwe lilikuja na Mwarabu au Mwajemi. James Kirkman, ambaye alianza kuchimbua magofu ya Gedi mwaka 1948, alitoa kitabu mwaka 1954 ambacho anwani yake iliita Gedi mji wa Waarabu. Hakuwa peke yake katika mtazamo huo. Ndio uliokuwa mtazamo wa zama zake. Wanaakiolojia wa baadaye wamekwisha kuusahihisha kwa jembe na kwa brashi. Lugha nayo ina ushahidi wake, na ushahidi huo umelala ndani ya jina la fundi.

Umbo na Ukoo wa Neno

Kitenzi kinachotafutwa ni -aka. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 inacho, na vivyo hivyo kamusi ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939. Kuaka ni kujenga kwa mawe, ni kufanya kazi ya uashi. Umbo lenye w, yaani -waka, nalo limerekodiwa kwa maana hiyo hiyo, na umbo hilo la pili litahitaji kuzungumziwa tena mbele, kwa sababu huenda ndilo lililomponza mwenzake.

Kutoka -aka hadi mwashi ni hatua ya kawaida kabisa. Kiambishi tamati -i kinachounda jina la mtendaji katika maneno ya kale hakikai kimya. Hubadili konsonanti inayokitangulia. K hugeuka sh: pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi, cheka hutoa mcheshi, na zika hutoa mzishi, kama katika msemo wa rafiki mzishi. Ng hugeuka nz: jenga hutoa mjenzi na finyanga hutoa mfinyanzi. Kwa kanuni hiyo hiyo aka hutoa mwashi, wingi wake waashi, na kazi yao ni uashi. Hakuna linalolazimishwa hapa wala hakuna konsonanti inayohitaji kuombewa msamaha.

Yafaa ikumbukwe kwamba kanuni hii haizai tena kwa wingi. Kiswahili cha leo kikitaka jina la mtendaji hutumia zaidi kiambishi -ji: msomaji, mchezaji, mwimbaji. Vitenzi vilivyokopwa kutoka Kiarabu, hata vile vilivyozama sana katika lugha, haviguswi na mabadiliko hayo ya sauti. Anayesafiri ni msafiri na anayehubiri ni mhubiri, basi. Kama jina la fundi wa mawe lingeundwa juzi lingekuwa mwakaji. Kuwa kwake mwashi ni alama ya ukongwe, mfano wa kovu linaloonyesha kwamba mwenyewe alikuwapo wakati wa vita.

Ukongwe huo unathibitishwa na ndugu zake wa bara. Mgikuyu anaposema gwaka nyũmba, na Mkamba anaposema kwaka, kitenzi ni kile kile. Kizulu kina -akha, Kitswana kina -aga, na Kitonga cha Zambia kina -yaka. Tofauti za konsonanti ni zile zile zinazoonekana katika mamia ya maneno mengine ya lugha hizo. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa juu ya ulinganishi wa lugha za Kibantu iliyotolewa baina ya 1967 na 1971, aliuorodhesha mzizi huu miongoni mwa mizizi iliyoenea katika eneo pana la Kibantu. Kwa hiyo -aka si neno la pwani lililopanda bara kwa njia ya misafara, kwani Mzulu hakulipata kwa wachuuzi wa Mombasa. Ni mali ya urithi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi ndugu hawa wanavyofanana. Katika Zaburi ya 118 kuna jiwe lililokataliwa na wajenzi. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, waliwaita wajenzi hao waashi. Biblia ya Kigikuyu inawaita aaki. Msomaji wa kawaida hawezi kuona uhusiano wa maneno hayo mawili, lakini ni neno moja. Kigikuyu kimeiacha k ya mzizi bila kuigeuza mbele ya -i, Kiswahili kimeigeuza sh. Tofauti ya mwaki na mwashi ni hiyo tu.

Hapa hapana budi kuondoa dhana moja inayoweza kumnasa mchunguzi kwa urahisi. Kwa sura, mwashi angeweza kutokana na washa, yaani kutia moto. Dhana hiyo ingekuwa na mvuto kwa sababu kazi ya mawe pwani haiendi bila moto: matumbawe hurundikwa juu ya magogo yaliyopangwa kwa duara, yakachomwa hadi yakawa chokaa, kisha chokaa ikaachwa miezi kadhaa ipigwe na mvua ili ipoe na kulainika. Mtu angesema basi kwamba mwashi ni yule awashaye tanuu. Lakini mchoma chokaa na mwashi si mtu mmoja katika mgawanyo wa kazi hiyo, na mwaki wa Kigikuyu na umakhi wa Kizulu, ambao hawakuchoma matumbawe kamwe, wanakataa kabisa maelezo hayo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba tangu Kibantu cha kale palikuwa na mizizi miwili iliyofanana sauti, mmoja wa kujenga na mmoja wa kuwaka moto. Kigikuyu hata leo kinaishi na mfanano huo, kwani mwaki ni mjenzi na mwaki ni moto. Wingi ndio unaowatenga, aaki wakiwa watu na mĩaki ikiwa mioto.

Mawe na Miti

Ikiwa -aka ni neno la urithi, hapo mwanzo halikuweza kuwa na maana ya mawe. Wagikuyu waliaka nyumba zao kwa miti, udongo na nyasi. Wazulu vilevile walitumia fito na majani. Maana ya kale ilikuwa kujenga tu, bila kuchagua zana. Kiswahili kiliurithi pia mzizi wa pili wa maana hiyo hiyo, -jenga, ambao Wamijikenda wanautamka -dzenga. Lugha ikijikuta na vitenzi viwili vya kazi moja haivumilii kwa muda mrefu. Ama hukitupa kimoja, ama huvigawia mipaka. Wasemaji wa Kiswahili walivigawia mipaka. Jenga kilipewa miti, fito na udongo wa kukandika. Aka kilipewa jiwe na chokaa.

Mgawanyo huo ndio kiini cha jambo lote. Lugha haigawi vitenzi kwa ajili ya tofauti isiyoonekana. Ili watu wahisi haja ya kutenga kujenga kwa mawe na kujenga kwa miti, ni lazima kazi hizo mbili ziwe zinatendeka jirani, na kila moja iwe na mafundi wake. Tena si kitenzi kipya kilichoazimwa kwa ajili ya jiwe. Ni kitenzi cha nyumbani kilichopunguzwa maana hadi kikatosha. Hiyo ni historia ya kazi iliyokua mahali pake polepole, si ya kazi iliyoshushwa bandarini ikiwa imekamilika na jina lake.

Ushahidi wa akiolojia unakwenda sambamba na ule wa lugha kwa namna ya kushangaza. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimbua mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe aliukuta msikiti juu ya msikiti, na iliyo chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Jiwe liliingia katika karne ya 10, na hata hapo halikuingia lote kwa mara moja. Jiwe la kwanza lilikuwa tumbawe la baharini, ambalo hukatwa lingali na maji, laini kama mti mbichi, likachongwa na kuachwa likauke ligande. Nyumba za kukaa watu zilizidi kuwa za miti na udongo kwa muda mrefu, na ni katika karne ya 14 ndipo nyumba za mawe zilipoenea mjini humo. Mpito ulikuwa wa hatua, katika kiwanja kile kile, kwa ramani zilizofuatana. Aliyesimamisha nguzo na aliyeweka jiwe walikuwa wa mji mmoja.

Kwingineko mambo yalikuwa hivyo hivyo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe na yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Lakini Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliyoyasifu ni majengo ya miti; msikiti wa Mombasa, asema, ulikuwa wa mbao zilizojengwa kwa uimara. Wanahistoria wengine wamesumbuliwa na kauli hiyo, kwa kuwa wakati huo huo Kilwa ilikuwa na msikiti mkuu wa mawe na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikwisha kuinuka juu ya jabali lake. Kwa mtu aliyezoea tofauti ya kuaka na kujenga hakuna la kusumbua sana. Mji ulikuwa na vyote viwili. Jiwe lilikuwa la msikiti, la mtawala na la wachache. Mti ulikuwa wa wengi. Vitenzi viwili vilihitajiwa kwa sababu hiyo hasa.

Kwa muda wa karne nyingi baadaye tofauti hiyo ilibeba uzito wa kijamii pia. Katika miji kama Lamu, nyumba ya mawe haikuwa makazi tu. Usam Ghaidan, katika uchunguzi wake wa mji huo uliotolewa mwaka 1975, alieleza jinsi nyumba hizo zilivyopangwa chumba nyuma ya chumba, kutoka kiwanda cha ndani hadi ndani kabisa mwa faragha, na jinsi kuta zake zilivyochimbwa zidaka za kupambia. Upana wa chumba haukuamuliwa na tajiri bali na boriti: mkoko hautoi gogo imara la kubeba dari lipitalo mita 3 hivi, na kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Aliyejaliwa kuaka alikuwa ameweka nasaba yake katika chokaa. Aliyejenga tu aliweza kuhama. Ni vigumu kuamini kwamba msemaji wa wakati huo angevichanganya vitenzi hivyo.

Uashi na Uandishi

Kuna pingamizi moja ambalo lazima likabiliwe kwa haki, kwani lina nguvu. Neno la Kibantu si hati ya kumiliki fani. Mwandishi naye ni neno la Kibantu safi, lililoundwa kwa kanuni ile ile ya mwashi. Andika kwa asili ni kupanga vitu kwa utaratibu, kama mtu aandikavyo vyombo vya chakula mezani. Hata hivyo hakuna anayedai kwamba maandishi ya Kiswahili yalizuka pwani bila msaada. Hati za Kiarabu zilikuja na Uislamu, wenyeji wakazipa kitenzi chao. Kwa nini basi uashi usiwe kama uandishi, yaani fani ya wageni iliyovishwa nguo za wenyeji?

Jibu haliko katika neno moja, liko katika jamaa zake. Mwandishi akikaa kuandika, kila anachokishika kina jina la kigeni: kalamu, karatasi, kitabu, herufi. Amezungukwa na mikopo. Mwashi hakuzungukwa hivyo. Anachoakia ni jiwe, neno ambalo shina lake linapatikana hata katika jina la Zimbabwe, nchi ya nyumba za mawe. Anachotilia chokaa ni mwiko, na mwiko huo ni jina la kile cha kusongea ugali. Wabemba huuita umwiko. Nyundo yake huitwa inyundo na Mnyarwanda. Anapopima usawa wa ukuta hutumia pimamaji, neno ambalo halihitaji hata kufafanuliwa. Analolijenga ni nyumba, na tundu la kuingilia ni mlango, ambao kwa Kigikuyu ni mũrango. Zana za mkononi na viungo vikuu vya jengo ni vya nyumbani.

Haifai, hata hivyo, kuvuka mpaka na kudai kwamba hakuna kilichokopwa. Kilichokopwa kipo, na mahali kilipo panafundisha. Msikiti, kibla, mihrabu, mimbari na minara ni Kiarabu, kwa sababu ibada yenyewe ilikuja hivyo. Dirisha ni Kiajemi. Roshani pia ni Kiajemi, kutokana na neno la mwangaza. Tanuu ya kuchomea chokaa ina asili ya Kiarabu, na neru, ile chokaa laini ya kupakia kuta za ndani hadi zing'ae, imetoka katika nura ya Kiarabu. Kwa ufupi, maneno ya kigeni yamejaa zaidi penye dini, penye madoido, na penye kemia ya chokaa. Hiyo ndiyo ramani ya mazungumzo yaliyopita baina ya mafundi wa pwani na wageni wao wa Ghuba na Bahari ya Shamu. Wageni walifundisha na walifunzwa. Wala wajukuu wa wageni hao si wageni: utafiti wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba Waafrika na Waasia, hasa wanaume wa Kiajemi, walianza kuchanganya damu tokea mnamo mwaka 1000. Damu ilichanganyika, lugha ya watoto ikabaki ya akina mama, na lugha hiyo ndiyo iliyokuwa na -aka.

Katika mikopo hiyo kuna mmoja unaostahili kutazamwa kwa utulivu, nao ni sakafu. Kwa Kiarabu saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Kwa Kiswahili sakafu ni kitu kilicho chini ya miguu. Wanafunzi wa Kiarabu hucheka wanapoligundua hilo, lakini fundi aliyelipokea neno hakukosea. Katika nyumba ya mawe ya pwani, boriti hupangwa, juu yake hutandazwa mawe madogo na chokaa, kisha hupondwa siku nyingi mpaka pagande. Kwa aliye chini hilo ni dari. Kwa aliye juu ni mahali pa kukanyaga. Mwarabu alilitaja jambo kwa jicho la mkaaji wa chini. Mwashi alikuwa amesimama juu yake akiponda. Hata katika neno la kukopa mwelekeo wa macho ni wa mtenda kazi.

Mabishano ya mfano huu yalifanyika pia kusini, juu ya kuta za Zimbabwe Kuu zilizopangwa bila chokaa. Huko nako palikuwa na walioona ni afadhali kumtaja Mfoinike kuliko Mshona, ijapokuwa David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson baada ya uchimbuzi wake wa 1929 walihitimisha kwamba ni kazi ya Waafrika. Miji hiyo haikuwa mbali na pwani kama inavyodhaniwa: sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu. Lakini ufundi ni mbali na mbali. Jiwe la kule ni matale yaliyovunjwa na kupangwa makavu. Jiwe la pwani ni la bahari, na halisimami bila chokaa. Mwanasayansi aliyetaka mwalimu mmoja kwa kuta hizo mbili angepaswa kumzua.

Kitenzi Kilichopotea

Imebaki kueleza kwa nini mwashi ameishi na -aka imekufa. Sababu ya kwanza ni sauti. Kiswahili hupenda kutenga irabu mbili kwa w au y, na kuaka likatamkwa kuwaka. Hapo likakutana ana kwa ana na kuwaka la moto. Msemaji aliyetaka kusema kwamba nyumba fulani inajengwa kwa mawe alijikuta katika hatari ya kueleweka kwamba inaungua. Tofauti ya nyumba inaakwa na nyumba inawaka ni ndogo mno kwa jambo kubwa kiasi hicho, na watu hawachezi na neno la moto katika mji wa makuti. Kigikuyu kiliweza kuvumilia mfanano kama huo kwa kuwa moto umehifadhiwa humo zaidi katika jina mwaki na kitenzi akana. Kiswahili hakikuwa na nafasi hiyo. Kikachukua njia rahisi: jenga lililokuwa jirani likaongezewa mipaka.

Mwashi hakuguswa na msiba huo. Kwanza, anawekwa ngeli ya watu, na moto hauna mtendaji aitwaye mwashi. Awashaye huelezwa kwa njia nyingine. Pili, majina ya kazi hudumu kwa sababu hushikamana na mtu, na pengine na ukoo wake. Si ajabu. Wasemaji wengi hawajui tena kitenzi kilichomzaa mhunzi, na hawahisi upungufu wowote.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Katika miaka ya 1960, nchi zilipopata uhuru, neno jenga lilipanda jukwaani. Taifa lilijengwa, uchumi ukajengwa, umoja ukajengwa. Hakuna kiongozi aliyeaka taifa. Kitenzi ambacho zamani kilikuwa cha fito na udongo kilitwaa kila kitu kisimamacho, na hata visivyosimama.

Sababu ya tatu ni saruji. Neno lenyewe ni la zamani: sāruj ya Waajemi, ambayo mafundi wa Oman wanaijua mpaka leo kama lipu yao ya asili, ni mchanganyiko wa kugandishia uliokuwapo karne nyingi kabla ya viwanda. Jina hilo likahamishiwa unga wa kijivu wa mifukoni. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuutoa mwaka 1954, nacho kilichimba malighafi yake katika miamba ile ile ya matumbawe ambayo waashi wa kale waliikata kwa kuta zao. Tumbawe likawa vumbi na vumbi likawa tofali. Tofauti baina ya mji wa kuakwa na mji wa kujengwa ikafutika machoni, na ilipofutika machoni haikukawia kufutika kinywani.

Wanaohifadhi magofu na miji ya kale, hata hivyo, wanaikuta tofauti hiyo kila siku bila ya kuwa na jina lake. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu na chumvi huingia na kutoka. Ukipigwa lipu ya saruji unyevu hufungwa ndani, chumvi huvimba nyuma ya lipu, na jiwe huanza kumung'unyika. Kilwa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Katika kila mji kati ya hiyo, kazi ya kutengeneza humtaka mtu ajuaye kuchanganya chokaa na kuifahamu tabia ya jiwe la bahari. Kumwita mtu huyo mjenzi ni kumpunguzia, na kumwita fundi wa mawe, kama inavyosemwa sana siku hizi, ni kueleza anachokishika bila kueleza anachokifanya.

Kwa upande mwingine, uashi umebaki jina la somo katika vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania, ambako vijana hufundishwa kupanga matofali, kuvuta uzi, kushusha timazi na kupiga lipu. Tofali la udongo wa kuchoma na la saruji limekuwa ndilo jiwe lao. Maana ya -aka, iliyoanza kwa kila aina ya ujenzi na kisha ikafungiwa katika tumbawe na chokaa, imefunguliwa tena ndani ya jina peke yake, na mwashi wa Dodoma, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, anabeba cheo kilichonolewa juu ya miamba yake.